Wanjala Ajipachika Ukoo

Wanjala, fundi viatu wa Nateete, Kampala, aliyetokea Bungoma, alikula nsenene, wale panzi wa msimu wa mvua, mara moja tu maishani. Majirani walimkirimu sahani ya wadudu hao waliokaangwa, naye akaifakamia. Kabla hajajilamba midomo, midomo yenyewe ilishavimba na koo limembana. Nesi Akwero alimdunga sindano, kisha akamkaripia.

"Hii ni mzio. Mwili yako inakataa huyu mdudu, kama vile wengine wanakataa penisilini. Usionje tena, hata mguu yake. Siku ingine koo itafunga kabisa."

Sawa, lakini Novemba ukikataa nsenene za jirani, utaambiwa una maringo. Basi Wanjala akatunga uongo mtamu: eti babu yake alikuwa Muganda wa ukoo wa Nsenene, na Waganda hawali mnyama au mdudu aliye mwiko wa ukoo wao. Mambo yakanyooka. Akaanza kualikwa kwenye harusi za ukoo, akawa anashindilia matoke ya bure bila haya.

Kisha akampenda Moreen, muuza vitambaa. Alipomfungulia moyo, binti alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe ni kaka yangu! Mimi pia Nsenene. Ukoo moja hawaoani."

Wanjala hakucheka. Usingizi ulimpaa, chakula kikamshinda. Mwishowe alikwenda kwa baba yake Moreen akatapika ukweli wote, Moreen mwenyewe akisikiliza.

Mzee hakutabasamu. Aliagiza sahani ya nsenene kwa jirani. "Kama wewe si mwenzetu, kula moja tu. Mimi naangalia."

Hapo Wanjala akaona alivyojitega mwenyewe. Asipokula, ni mwanaukoo. Akila akavimba, mzee atasema mwiko umemwadhibu mwanaukoo. Lakini alimtaka sana Moreen. Akamwinua mdudu mmoja, akampeleka mdomoni.

Moreen akampokonya, akamgeukia baba yake. "Taata, akikufa hapa nani ataleta mahari?"

"Mzee, hata kamba wa baharini walinivimbisha kule Mombasa," Wanjala akasema haraka. "Na hao pia ni ukoo wangu?"

Mzee akaangua kicheko. "Mwenzetu wa kweli angekimbia hiyo sahani. Wewe ulikuwa unakula! Basi, mkwe, hapa kwetu nsenene hawapikwi. Nani mwingine Kampala angekuoza binti yake bila kukuua?"

Wanjala akacheka naye, akafuta jasho, kisha akaomba maji ya kunawa mikono iliyomgusa mdudu.