Sindano Moja Haifukuzi Magonjwa Yote

Ndugu zangu, mnaoniona nimenenepa hivi, msidhani sikuwahi kuchungulia kaburi. Miaka ya vita nilikuwa mke kijana hapa mtaani kwetu Bulengera, nauza viazi sokoni, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa kubwa hata watu nikawa nawasalimu kwa ubavu. Mume wangu alikuwa amekwama safarini huko Kamango, barabara imefungwa. Nyumbani nilibaki na mama mkwe, mwanamke asiyeogopa kitu ila aibu.

Yeye ndiye alinipeleka kituo cha afya nichanjwe pepopunda. Tuliporudi akatangaza mtaa mzima kwamba mimi nimechanjwa, hakuna ugonjwa utakaonigusa tena. Wakati huo mafua makali, tunayoyaita grippe, yalikuwa yameingia, kila nyumba watu wanakohoa. Kwetu mgonjwa lazima atembelewe, na asiyekwenda atasemwa mpaka achoke. Basi mama mkwe akawa ananituma mimi, mwenye sindano, nipeleke uji na salamu za familia nzima. Nilipigwa chafya za uso na nusu ya Bulengera, na mimi natabasamu kama mke wa gavana.

Kisha nikaanguka. Homa, mifupa inauma, kamasi zinatiririka, na kila nikikohoa mkojo nao unatoka. Mama mkwe akachemsha majani ya mikaratusi, akanifunika blanketi juu ya sufuria. Nilikuwa humo ndani natokota, mara mwanajeshi mmoja akasukuma mlango, anatafuta silaha.

"Nani iko chini ya ile blangeti?"

"Ni muke ya mutoto wangu," mama mkwe akajibu. "Iko na grippe."

Mwanajeshi akapiga chafya iliyotikisa mabati.

"Mama, hata mie niko nayo. Kichwa inataka kupasuka."

"Donc weka bunduki inje, uikale hapa."

Naapa, alikaa. Mama mkwe akampa naye sufuria ya majani na kumfunika kwa kitenge chake cha kanisani. Nilicheka hadi nikakosa pumzi, na pumzi haikurudi vizuri. Hapo nikagundua kwamba tangu asubuhi mtoto hajacheza. Nikashika tumbo, nikalitikisa. Kimya. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi.

"Mama, mutoto hapana kucheza tena."

Kwa mara ya kwanza nikamwona mama mkwe analia. Mwanajeshi akatoka mvukeni, akachukua chukudu ya jirani, ule mkokoteni wetu wa mbao, akanipakia juu kama gunia la makaa, akanisukuma kuelekea hospitali, kitenge cha mama mkwe kingali shingoni mwake. Kwenye kizuizi wenzake wakamsimamisha.

"Uyu ni nani?"

"Ni yaya yangu! Tika tupite!"

Eti mimi dada yake mkubwa, na hakujua hata jina langu.

Daktari alinipima kifua akakunja uso. "Mapafu yameshikwa. Mbona mumekawia?"

"Docteur, tulimuchanja!" mama mkwe akalia.

"Ni ya pepopunda, mama. Ile hapana kukinga mafua."

Wakanipa oksijeni, dawa na dripu. Homa ilipoanza kushuka, mtoto akanipiga teke la mbavu, nikapiga yowe. Mama mkwe akadhani nakata roho, akaanguka magotini katikati ya wodi. Sijawahi kupenda maumivu kama yale.

Namshukuru Mungu na daktari, na yule mwanajeshi ambaye sikumwona tena. Kitenge aliondoka nacho, na mama mkwe hakukiulizia kamwe. Kwenu mama wajawazito nasema: chanjweni, lakini ulizeni kila sindano ni ya ugonjwa gani. Na homa ikiwapata, msitokote nyumbani, kimbieni hospitali.

Mtoto yule ni msichana. Sasa yuko Ulaya, naye ana mimba. Majuzi alinipigia simu nikiwa sokoni: kule wana chanjo ya mafua yenyewe, ile ambayo sisi hatukuwa nayo, wanataka kumchoma.

"Mama, nikubali?"

"Usikate simu," nikamwambia. "Ingia nayo."

Nikasikia mlango, nikasikia sauti za wazungu, kisha yake: "Bamenichoma, mama." Nikakaa chini kati ya viazi nikalia kwa sauti, na soko zima likaja kunipa pole ya msiba.