Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi cherehani mwenye miaka sitini na tisa alikuwa akifunga duka lake kwa makomeo mawili, hata mchana. Muuguzi alipobisha, alifungua moja tu.

"Nani kakutuma?"

"Natoka kliniki, baba. Tunawatembelea wazee waliopita sitini. Ni mazungumzo tu."

"Mazungumzo tu ndiyo yaliyomhamisha jirani yangu kwa mwanawe. Hajarudi."

Kutoka chumba cha nyuma, binti yake anayeishi naye akaitikia, "Karibu, dada." Hilo nalo likamtia shaka. Binti huyo hakaribishi mtu kabla ya kumuuliza shida yake.

Fundi alikuwa na la kuficha. Wiki mbili kabla, alikuwa amekata koti la mteja. Kwa kawaida hukunja kitambaa mara mbili, akapata mkono wa kulia na wa kushoto kwa mkato mmoja. Safari hii alikata mmoja mmoja, akasahau kugeuza kitambaa, na mikono yote ikatoka ya kushoto. Kosa la mwanagenzi. Akaisukumia chini ya meza. Tangu mkewe afariki, alikuwa akimeza vidonge vya usingizi na kuviteremsha kwa pombe kali, lakini hakuvishuku hivyo. Aliamini ni akili inayomtoka. Watu wakijua, cherehani itauzwa na yeye atapelekwa kwa mwanawe wa kiume, akakae kitini kama mzigo uliosahaulika stendi.

Kwa hiyo alijibu kama shahidi mahakamani.

"Unakunywa siku ngapi kwa wiki?"

"Mbili."

"Vidonge?"

"Vya kichwa."

Binti akakohoa mlangoni.

"Wewe, kama una kifua, katafute dawa," baba akamwambia.

Muuguzi akamtajia maneno matano, akazungumza mengine, kisha akamwomba ayarudie. Fundi aliyataja yote, halafu akayataja kinyumenyume.

"Kumbukumbu yako ni nzima, baba."

"Ulitarajia imeoza? Nakuuliza tena, nani kakutuma?"

Binti ndiye aliyejibu.

"Ni mimi. Niliiona ile mikono chini ya meza, na vidonge kando ya chupa."

"Ulinipekua?"

"Nilikuwa nafagia."

"Tangu lini wewe unafagia?"

Muuguzi aliwaacha wamalize, kisha akasema kwamba vidonge vya usingizi na pombe vikikutana, hata fundi mkuu hukata vibaya. Kwa kuwa wamewahi, kuna nafuu. Ila asiache ghafla, maana huko nako kuna hatari. Watapunguza kidogo kidogo, pamoja na daktari.

"Na nikikataa?"

"Nitaaga, niende zangu."

"Na cherehani?"

"Sikuifuata cherehani, baba."

Hakumwamini. Jumatano alikwenda kliniki, binti akimfuata hatua kumi nyuma na yeye akijifanya hamwoni. Hata kiti hakukubali kabla ya kupewa faili.

"Nataka kusoma ulichoniandikia."

Alisoma kurasa zote mbili, kidole kikifuata mstari kwa mstari, akitafuta palipoandikwa kwamba ahamishwe. Hapakuwepo. Alipofika kwenye pombe, palisomeka siku mbili. Akaomba kalamu, akalikata neno hilo, akaandika saba. Kisha akamkazia macho muuguzi, aone atafanya nini.

Muuguzi akasogeza kiti chake karibu, akamuuliza glasi ya kwanza huinywa saa ngapi.