Tostada za Maharagwe, Siku Moja Kabla ya Korti

Jumanne hiyo nilitoka shifti kwenye nyumba ya kutunzia wazee saa tisa mchana, nimeogesha kumi, sina mkono wa kusonga ugali. Kwenye friji kulikuwa na maharagwe ya jana na pakiti ya tortilla, vile vichapati vidogo vya mahindi. Unavikaanga mpaka viwe vikavu vya kuvunjika. Maharagwe unayaponda na kitunguu saumu, unapaka juu, kisha kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, jibini na ndimu. Dakika ishirini watu wanakula. Mama mmoja wa El Salvador tunayefanya naye kazi ndiye alinifundisha. Anaziita tostada.

Mume wangu maharagwe alikuwa hataki kuyaona. Alisema ni chakula cha shule ya bweni na cha jela. Wakati wa baridi alikuja akakuta sufuria inatokota, akaniuliza kama nimemwoa mimi au amenioa yeye. Akanishika nywele, akanigonga kichwa kwenye kabati mara tatu. Nilihesabu. Halafu akainua sufuria akanimwagia begani, na nilipovua blauzi ngozi ilitoka nayo.

Majina siandiki, lakini watu nawataja. Aliyenimwagia ni mume wangu. Aliyesimama mlangoni nisitoke ni ndugu yake, shemeji yangu anayekaa Springfield, alikuwa amekuja kutazama mpira. Wa tatu ni mzee wa kanisa letu. Walimwita yeye badala ya ambulensi. Alinipeleka hospitali kwa gari lake, na njiani akanifundisha la kusema: "Umejimwagia, mama. Ukisema lingine serikali itamfukuza nchi hii, imrudishe nyumbani, na wewe utabaki na aibu." Nikasema nimejimwagia. Mimi niliishia darasa la sita, sikujua neno likishaandikwa hospitali halifutiki.

Sasa Jumatano ilikuwa korti, niombe amri ya kumzuia mume wangu asikanyage tena hapa nyumbani, Riverdale. Karatasi ya hospitali ilikuwa upande wake. Upande wangu kulikuwa na shahidi mmoja, binti yetu wa miaka kumi na sita. Aliona yote. Lakini alikuwa hajawahi kuyatamka, hata kwangu. Nikimgusia anaingia chumbani anafunga mlango.

Jumanne hiyo jua lilikuwa bado juu waliponigongea, shemeji na mzee wa kanisa. Ningewaacha nje. Lakini mzee alikuwa na Biblia mkononi, na sisi tulivyolelewa mtu wa Biblia humwachi kwenye ngazi. Nikafungua, nikawakaribisha mezani.

Shemeji akainua tostada, akaigonga kwenye meza. "Shemeji, hii inaliwa ama inaezekwa?"

"Kama huna meno, iache."

Mzee akacheka kidogo, akaweka Biblia kando ya sahani. "Mama, tumekuja kama familia. Mambo ya wakubwa yaamuliwe na wakubwa. Huyu msichana asipelekwe kule kesho. Mtoto hasimami mbele ya wazungu akamshtaki baba yake. Ama vipi, mwanangu?"

Binti yangu akatazama sahani.

"Huyu?" shemeji akasema. "Huyu hata Kiswahili kimemshinda. Atamshtaki nani?"

Mzee akaridhika. Nilimwona akishusha mabega, kazi imekwisha. "Basi tuombe, chakula kisipoe. Mwanangu, tuombee."

Kwetu ndivyo ilivyo, mzee akija nyumbani mtoto ndiye huombea chakula, aonekane amelelewa. Na mtu akiomba, hakuna anayefungua macho wala mdomo. Tukainamisha vichwa. Nilingoja ile sala yake fupi ya Kiingereza.

Akaomba kwa Kiswahili.

"Mungu, asante kwa chakula. Mungu, wewe uliona baba alipiga mama kichwa kwa kabati. Alimwaga maharagwe moto. Anko alisimama kwa mlango. Mama alisema nipishe, nipishe. Anko alicheka. Na kwa gari mzee alisema mama aseme uongo. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nilisikia."

"Amina!" mzee akapaza sauti.

"Bado," akasema, macho yamefumbwa.

Shemeji hakungoja. Alimpiga kofi, kichwa kikaenda upande, sahani ikaanguka ikapasuka. Hata sikukumbuka kusimama. Nilikuwa tayari nimeshika kikaango kilichobaki kwenye moto, mafuta yanachemka. Na nitasema ukweli, sikutaka kumtisha. Nilitaka kumuunguza uso. Nilitaka nione ngozi yake ikitoka, nisikie akilia kama mimi.

"Mama! Mama, huyo ni shetani anakutuma!" mzee akapiga kelele, amejibana ukutani.

"Basi mtoe nje shetani wako. Mtoe!"

Shemeji alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni, akinitukana mimi na mama yangu. Mafuta yalinirukia kwenye vidole, sikuyasikia. Mzee akamfuata mbio na Biblia yake, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Binti yangu alikuwa anavuja damu mdomoni. Nilimpa kitambaa cha barafu. Sikumuuliza kuhusu kesho, niliogopa jibu. Tulikaa sakafuni tukala zile tostada zilizobaki, yeye akitafuna upande mmoja.

Asubuhi mdomo ulikuwa umevimba, umeingia rangi ya zambarau. Nikachukua poda nimpake kabla hatujapanda basi. Mazoea hayo, miaka mingi nimejipaka mimi mwenyewe. Akausukuma mkono wangu.

"Acha, mami. Waone."

Kortini walikuwa wamekaa wote watatu safu moja, mzee amevaa tai. Hakimu alipomwita binti yangu, jambo la kwanza alimuuliza mdomo umefanyaje. Binti yangu akainua kidole, akamwonyesha shemeji. Halafu akakisogeza kwa mzee. Halafu kwa baba yake, na hapo hakukishusha mpaka alipomaliza kusema yote aliyoyaona.