Jumanne Saa Nne

Fundi makochi alikuwa mtu wa porojo. Mteja akija kulalamika, hutoka anacheka. Miezi michache baada ya kumzika mama yake, maneno yakamkauka. Alifika karakana, akakaa juu ya kochi alilolivua kitambaa, na adhuhuri ikamkuta pale pale. Dada yake, muuguzi, ndiye aliyeuita ugonjwa kwa jina lake: sonona. Akamtafutia mshauri anayetibu watu kwa mtandao, akamwambia hapo hakuna mjadala.

Basi kila Jumanne saa nne asubuhi alijifungia kwenye stoo ya sponji, simu kaiegemeza kwenye kopo la gundi, kamera kaizima. Mshauri hakumbana. Alimuuliza alivyolala, alivyokula, akangoja.

Wiki ya tano fundi akajikaza. Alieleza kwamba siku mama anakata roho, yeye alikuwa anamalizia kochi la mteja. Simu iliita. Aliiona, akaiacha. Aliponyamaza kumeza mate, akagundua upande wa pili kimya. Mtandao ulikuwa umekatika, hajui tangu saa ngapi.

Mshauri akapiga simu papo hapo, fundi hakupokea. Alihisi amejivua nguo mbele ya ukuta. Ujumbe ukaingia: “Jumanne saa nne nitakuwepo.”

Jumanne mbili zikapita. Ya tatu, saa nne na nusu, aliingia ili ajihakikishie tu kwamba hakuna mtu. Mshauri alikuwepo, peke yake, daftari mbele yake.

“Uliniacha nikiongea peke yangu,” fundi alisema.

“Ndiyo, na najua ilikuuma. Nilisikia mpaka uliposema simu iliita, fundi. Yaliyofuata sikuyasikia, na ninataka kuyasikia.”

Fundi akawasha kamera, akaanza upya, safari hii mpaka mwisho. Kabla ya kuagana wakapatana: mtandao ukikatika, mshauri atapiga simu na fundi atapokea, hata kama amenuna.

Ulikatika mara nne zaidi. Alipokea zote nne, mara moja akiwa amenuna kwelikweli. Zipo Jumanne alizokuja kukaa kimya tu, lakini alikuja. Asubuhi ambazo mwili ulikuwa mzito kama gunia la mchanga, alinawa uso, akafungua karakana, akavalisha kitambaa japo kiti kimoja.

Mwezi wa nane wa matibabu alimwambia mshauri kwamba liko jambo anataka kulifanya mwenyewe. Jumapili akaenda kwa dada yake, kwani ndiye aliyekuwa akipiga siku ile.

“Niliiona simu yako,” alimwambia. “Sikupokea.”

“Mama alikuwa hajitambui tena,” dada akasema. “Nilipiga kwa sababu mimi niliogopa kubaki peke yangu.”

Hilo fundi hakuwahi kulifikiria. Walilia, wakazungumza mpaka jua likazama. Jumanne saa nne kamili alikuwa stooni, na safari hii yeye ndiye aliyeanza kuongea.