Vyeti vyangu vitano na jembe la mama

Admin, nifiche jina, Mbinga ni ndogo na watu wake wana midomo. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, sijaoa, ni mkuu wa TEHAMA katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Ukuu wenyewe ni wa kuongoza mtu mmoja, lakini ni ukuu. Nina vyeti vitano vya kimataifa vya mitandao ya kompyuta. Nimevitia fremu na kuvipanga ukutani nyuma ya kiti changu, ili anayeingia kulalamika kwamba printa haitoi karatasi ajue anaongea na nani. Nusu yenu mnaosoma hapa kila kitu kikiwashinda mnasema "mtandao unasumbua". Ni watu kama nyinyi walionifundisha dharau, kwa hiyo sitaomba radhi.

Huyo mmoja ninayemwongoza nitamwita Aneth, si jina lake. Ni Mnyasa wa Kihagara, kule ziwani, ameishia kidato cha nne, aliajiriwa kuchapa barua. Kompyuta amejifunza kwa kuzifungua na kuzifunga, cheti hana hata cha semina. Nilipoajiriwa nikakuta wazee wa chama wanamwita yeye kwa kila kitu. Mtu nimefanya mitihani kwa Kiingereza, halafu mzee anapita mlangoni kwangu bila kugeuka, anamfuata mla usipa, vile vidagaa vya ziwani kwao. Iliniuma, na sikuificha.

Oktoba iliyopita meneja alitaka ofisi iunganishwe na ghala jipya la mbolea, mita tisini hivi kuteremka. Katikati kuna shamba la mama yangu mzazi. Nilimwomba tufukie waya humo, akakubali bila kuuliza, maana mwanawe ni msomi. Shamba lilikuwa limelala, majani yamefika magotini.

Aneth akaniambia, "Kaka, mimi ningepitisha juu, kwenye milingoti. Hapa Machi watachimba ngolo."

"Hayo umesomea wapi?"

"Sijasoma, kaka. Naona tu."

Nikacheka mbele ya vibarua. Nikamwambia mitihani yangu yote mitano haikuwa na swali la ngolo, na waya ukafukiwa, kina cha kiganja tu.

Sasa nichekeni mimi. Mimi ni Mmatengo. Nimekulia kwenye mteremko ule ule. Kila mwaka wa ngolo nilifyeka majani na kuyalaza kwa miraba, na mama akaja nyuma na jembe kuyafukia, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo ya kushika maji ya mvua na udongo usikimbie. Nilijua jembe lile linazama kiasi gani kabla sijajua kusoma. Mnyasa aliyekulia ziwani akaliona, mimi sikuliona.

Machi ikaja. Jumatano iliyopita ghala likapoteza mawasiliano, majina ya wakulima hayaonekani, na waliofuata mbolea ya kahawa wakakaa barazani wananitazama. Siku mbili nilibadilisha mipangilio, nikazima na kuwasha, nikaongea maneno magumu ili wasiniulize zaidi. Meneja aliponibana nikaandika ripoti kwamba hitilafu imetokana na mtumishi asiye na sifa kugusa vifaa. Jina sikuandika. Ofisi ile ina mtumishi gani mwingine asiye na sifa?

Ijumaa Aneth aliufuata waya kwa miguu. Akarudi na matope viatuni, hakusema alichokiona, akachukua waya wa akiba akaupitisha juu ya milingoti. Kabla ya saa sita majina yalikuwa yanasoma. Meneja hakuuliza ulikatikia wapi, alikuwa ameshaamini ripoti yangu. Jioni akasema asiye na cheti hatagusa tena mfumo, na mkataba wa Aneth utajadiliwa na bodi ya wazee Jumatatu. Mimi kama mtaalamu nisimame nieleze.

Leo baada ya misa nilikwenda kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, nina jambo." Akafungua khanga, ndani kipande cha waya mweusi. "Nimekata kitu chenu. Nilidhani mzizi. Aneth alipita akakiona, akaniambia nisihangaike, hatamwambia mtu kwamba ni mimi. Lakini kanisani nimesikia anafukuzwa kwa ajili hiyo. Kesho nitakuja niwaambie wazee ni jembe langu."

Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akanitazama.

"Mwanangu, hukukumbuka kwamba mwaka huu ni wa ngolo?"

Vyeti viwili kati ya vile nilikariri maswali, hilo mnaweza kulijua leo. Vitatu nilivisoma kwa jasho na ni vya kweli, vina maana yake, na siku nyingine vimeniokoa. Kwa swali la mama havikunisaidia.

Nikisema ukweli, wazee watanicheka mpaka nihame wilaya, na kazi inaweza kwenda. Nikinyamaza, Aneth anarudi Kihagara na watoto wawili, mtu ambaye alikuwa na neno moja tu la kunimaliza na akalimeza kwa heshima ya mama yangu. Kumdharau nimeshindwa, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Nimefanya jambo jingine, ndilo lililonileta hapa. Nilimwambia mama kikao kimesogezwa mpaka Jumatano. Akaamini, maana mwanawe ni msomi.

Kikao ni kesho saa tatu asubuhi. Msiniandikie mistari ya Biblia, hiyo ninayo. Semeni tu, hata nyinyi wa mtandao unasumbua, mimi kesho nisimame niseme nini? Mama amenipigia sasa hivi kuniuliza Jumatano avae kitenge kipi.