Safari ya Iskandaria Iliyopangwa kwa Mwezi

Tulipokwenda Kairo kumtembelea binti yetu, ambaye anafundisha watoto wadogo huko, mke wangu hakuomba kupelekwa kwenye piramidi. Alitaka jambo moja tu: kufika Iskandaria na kutia miguu yake katika bahari ya huko.

Kaka yake alikuwa mpishi wa meli. Barua yake ya mwisho kufika kwetu Likoni aliiandika Iskandaria. Siku mbili baada ya meli kung'oa nanga alishikwa na homa akafariki, na mabaharia Waislamu aliokuwa nao wakamkosha, wakamswalia, wakamteremsha majini. Kwa hivyo hana kaburi. Kila tukienda kuwazuru wazee wetu waliozikwa Likoni, mke wangu huwasomea mmoja mmoja, kisha husimama kidogo akiangaza macho, kama mtu aliyebakiwa na salamu asiyejua pa kuipeleka.

Mimi nimesomesha chuo cha Kurani huko kwetu Magogoni zaidi ya miaka thelathini, na jawabu la jambo hilo ninalo. Nilimwambia mara nyingi kwamba dua haihitaji nauli.

"Najua dua inafika, Mwalimu," alinijibu. "Mimi ndiye sijafika."

Tulikuwa na wiki mbili Kairo. Mwenyezi Mungu alitupa umri mpaka tukaiona safari hiyo, namshukuru, lakini kwa umri wetu sikutarajia nyingine. Binti yetu alikwisha kupanga: Jumamosi, siku yake ya mapumziko, twende kwa treni baada ya alfajiri, turudi jioni.

Nikatoka roshani nikautazama mwezi. Nikarudi ndani nikasema Jumamosi haifai.

"Kwa nini, Baba?"

"Jumamosi mwezi utakuwa wa siku kumi na moja. Maji mafu hayo, bahari haitatoka vizuri. Mama yako na magoti yale atashukaje kwenye mawe? Twende Jumatano, mwezi kumi na tano, bamvua. Saa nne ya asubuhi maji yatakuwa yamepwa, mchanga umeshikana, atatembea kama yuko sebuleni kwake."

"Baba, Alhamisi mnapanda ndege. Tukikosa Jumatano hakuna siku nyingine."

"Bahari haijawahi kunivunjia miadi."

Alimtazama mama yake amsaidie. Mama yake, mzaliwa wa Likoni, alitikisa kichwa. "Msikize babako. Mengine humshinda, hata kufunga mlango wa kabati. Lakini maji anayajua."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Hatuendi pwani mpaka tuhesabu mwezi, na mtoto wa miaka saba anaweza kukwambia leo maji yatapwa saa ngapi. Binti yetu naye alilelewa hivyo. Kesho yake akabadilishana zamu na mwenzake.

Siku zilizobaki nilizitumia kupanga, na nakiri nilipanga kwa raha. Niliamua tukae upande gani wa behewa ili jua lisimpige mke wangu. Sala za adhuhuri na alasiri tutazijumuisha, kwa kuwa tu wasafiri. Yeye akakaanga mahamri, akatia leso ya akiba na viatu vya mpira mkobani.

Jumatano, saa nne kasorobo, tulisimama kwenye ukuta wa bahari chini ya ngome ya kale. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mawe.

"Tumewahi," nikasema. "Tukae."

Tukakaa. Nikachagua jiwe moja lenye doa jeupe, nikaweka jicho langu hapo. Tukala mahamri. Saa tano ikafika, doa liko palepale, maji yanalilamba. Binti yetu alitazama saa yake, kisha akatazama kwingine kwa adabu.

Kando yetu alikuwepo mzee mmoja anavua samaki kwa fimbo, ameketi kwenye kiti kidogo cha kukunja. Nikamsalimia kwa Kiarabu changu cha vitabuni.

"Ndugu yangu, maji yatatoka saa ngapi?"

Alinigeukia polepole. "Yatoke yaende wapi, yaa shekhe?"

Akanieleza kwamba bahari yao haipungui ila shubiri moja, mwezi uwe mchanga au mpevu. Binti yetu alinitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa vizuri sana.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Jumamosi tungekuwa tumekwisha kurudi, Mwalimu!" Kisha akayatazama mawe yale makubwa, akayapapasa magoti yake, na kicheko kikamkatika. Nilisoma istighfari kimoyomoyo, nikiomba msamaha kwa kuwa nilitoa ahadi kwa niaba ya bahari ambayo sikuijua.

Yule mzee akauliza mama anataka nini. Binti yetu akamweleza. Mzee akaacha fimbo yake, akakunja kiti, akatuonyesha ngazi ya mawe nyuma ya ukuta, ambapo watu hupandia mashua. Likoni ngazi kama ile ingekuwa kavu yote asubuhi na imezama yote alasiri. Hapa maji yalikuwa yametulia kwenye kipandio cha mwisho, kama maji ya kutawadha aliyotengewa mtu.

Vipandio vilikuwa tisa. Tulimshika huku na huku, akipumzika kwenye kila kimoja. Mzee akakiweka kiti chake chini kabisa, mke wangu akaketi, akavua viatu, akatia miguu.

Alianza Yasini, nami nikaifuata. Katikati aliruka aya. Mimi ambaye sijapata kumwachia mwanafunzi hata herufi moja, nilingoja tu, mpaka akarudi mwenyewe akaisoma. Tulipomaliza aliinama, akatia mkono majini.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Tumechelewa kidogo. Shemeji yako alikuwa akingoja maji yatoke."