Shimo la Daudi Nyuma ya Jiko

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, kazi yangu kubwa ya asubuhi ilikuwa kukaa getini na kuimba. Shule tuliingia mchana kwa sababu madarasa hayakutosha, kwa hiyo asubuhi yote nilikuwa mali ya bibi. Nikisema geti msifikirie chuma. Lilikuwa pengo kwenye ua wa minyaa, na gogo la kukalia. Nilikuwa mlinzi, na niliyemlinda ni mdogo wangu Daudi, ambaye muda huo alikuwa amefukiwa mpaka kiunoni nyuma ya jiko.

Subirini kwanza, msikimbilie kwa mwenyekiti wa mtaa! Hakuna aliyemtesa. Daudi alikuwa na miaka minne na hajawahi kusimama hata siku moja. Miguu yake ilikakamaa, maneno yake hayakuzidi matatu, na kicheko chake kilisikika mpaka kwa jirani. Hospitali walituambia alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, wakatuambia turudi nyumbani tumtunze. Tumtunze vipi, hawakusema. Bibi, mama yake baba, aliposikia hayo alishuka kutoka Mbulu na jembe lake mwenyewe, utafikiri Babati hakuna majembe. Akachimba shimo karibu na migomba, akatandika majani makavu chini, akamsimamisha Daudi ndani, akarudishia udongo taratibu huku akiushindilia kwa viganja. Alisema ardhi inamshika mtoto aliyechelewa mpaka miguu ikumbuke kazi yake.

Dawa hiyo ilikuwa na mwiko mmoja. Mgeni asimwone mtoto akiwa ndani ya udongo, na zaidi ya yote asimtaje jina. Akimtaja tu, ardhi inaichukua ile miguu moja kwa moja.

"Na wewe Fausta," bibi aliniambia huku ameninyooshea kidole, "ukizembea pale getini, mdogo wako hatembei maisha. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia mpaka ndotoni.

Balaa ni kwamba mkoa wa Manyara ulikuwa ndio kwanza umezaliwa, Babati ikafanywa makao makuu, na mtaa wetu wa Singe uliozoea ng'ombe na mahindi ukaanza kupitiwa na watu wa viatu vya kung'aa wakiulizia vyumba vya kupanga. Kila nilipomwona mmoja nilipaza wimbo wa kwaya kwa nguvu zote. Bibi akisikia, anatoka mbio kumpokea mgeni mbele ya nyumba na kumzuia palepale kwa salamu ndefu. Siku moja katekista alipita, akanisikiliza, akamwambia mama kwamba mtoto huyu ana wito. Mama alishukuru huku anaangalia chini.

Mama yangu alikuwa mtu wa utani, lakini siku hizo alikuwa ameacha kwenda jumuiya. Kuna waliosema Daudi ni laana, na kuna waliosema mama alimcheka mlemavu akiwa na mimba. Alianza kwenda kuchota maji kabla watu hawajaamka, asikutane na mtu. Mimi niliamini kwamba Daudi akitembea, mama atacheka tena, na kwamba yote hayo yanategemea koo langu.

Asubuhi moja akaja mama mmoja mnene juu ya baiskeli, kitenge amekifunga vizuri kisinaswe kwenye mnyororo. Nikaanza kuimba. Yule mama akashuka, akatega sikio, akatabasamu. Kisha, jamani, akadaka sauti ya pili! Kumbe alikuwa mwanakwaya. Nikaongeza sauti, na yeye akaongeza. Nilipofika kwenye kiitikio alikuwa ameshaegemeza baiskeli kwenye ua na kunipita, anaimba huku anatembea. Bibi alikuwa ndani akiepua uji, na aliposikia wimbo umenoga kwa sauti mbili hakufikiria hatari. Alidhani nimepata mwenzangu wa shule.

Nilimkimbilia nyuma na kumvuta kitenge, lakini ng'o. Daudi alipotuona aliangua kicheko, akapiga makofi, udongo ukaruka.

"Heee!" yule mama akasema, akapiga magoti mbele ya shimo. "Na wewe unaitwa nani, baba?"

"Usimwambie!" nikapiga kelele.

"Da-u-di," Daudi akasema. Lilikuwa neno lake la nne, na hatukuwahi kulisikia.

"Daudi! Jina zuri kweli. Daudi!"

Mara mbili. Nilikaa chini nikalia kwa sauti. Bibi akatokea na upawa mkononi, mama nyuma yake.

"Shikamoo, bibi," mgeni akasema.

"Marahaba. Umeshaharibu!" Bibi hakuwa mtu wa kunyima salamu hata akiwa amekasirika.

Alijitambulisha kuwa ni Mama Eliya wa Bonga. Katekista ndiye aliyemwelekeza kwetu, maana ule wito wangu ulimtia mashaka, akahisi kuna kitu tunaficha. Tulingoja atucheke au aturipoti. Badala yake aliuliza, "Bibi, nani alikufundisha hii? Sisi tunahangaika kuwafanya watoto wetu wasimame wima hivi. Unamwacha muda gani?"

"Mpaka kivuli cha paa kifike kwenye kinu," bibi akajibu, bado ameushika upawa.

"Ni muda mzuri. Ila udongo ni wa baridi, na hatuoni visigino vyake vimekaaje." Akamgeukia mama. "Mama Fausta, Eliya wangu ana miaka tisa na bado nambeba. Tuko akina mama wengi. Tunakutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa, na kuna mtaalamu wa mazoezi anakuja. Njoo na Daudi. Mbebe mgongoni, pitia katikati ya mji, mchana kweupe."

Mama aliketi chini karibu yangu, tukawa waliaji wawili.

Alhamisi hiyo alivaa kitenge cha Krismasi. Bibi akasema na yeye anakwenda, kuhakikisha hawamharibu mjukuu wake. Ukumbini tulikuta watoto kwenye mikeka, wengine wanatambaa, wengine wanatoa udenda, na akina mama wanacheka kwa vishindo. Wanacheka! Mtaalamu alimchorea baba mfano wa meza ya kusimamia, yenye mkanda wa kiunoni na kibao cha kukanyagia. Baba alikuwa seremala, akaitengeneza kwa siku mbili, akaipiga na vanishi. Alhamisi iliyofuata Daudi alisimama ndani yake mbele ya watu wote, na wote walipiga makofi wakimwita, "Daudi! Daudi!"

Mimi nilikimbilia nje na kuziba masikio. Kila jina waliloita nililihesabu kama miguu inayochukuliwa. Bibi akanifuata.

"Bibi, ni mimi," nikamwambia kwa kwikwi. "Nilimpitisha mgeni. Sasa hatatembea."

Bibi aliniangalia, akaketi kwenye ngazi ya kanisa, akanivutia kifuani kwake. Alinukia moshi na maziwa.

"Lile la shimo nililikuta kwa mama yangu," akasema. "Lile la wageni nililitunga mwenyewe, njiani, ndani ya basi."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanamsema mama yako. Sikutaka waje kumcheka nyumbani kwa mwanangu."

Nilimkasirikia, nawaambia ukweli! Asubuhi zote zile, sauti yote ile. Nilinuna mpaka aliponinunulia andazi, na hata hilo nililila nimemgeuzia mgongo.

Leo nina watoto wangu, na hasira imekwisha zamani. Bibi hakuiogopa ardhi hata kidogo. Alichokiogopa ni midomo ya watu, na kwa kuwa hakuwa na njia ya kuifunga, alimfungia mkwewe ndani pamoja na mtoto, kwa upendo. Wala sikumbuki kumwona amefurahi kuliko alipogundua kwamba haikuwa lazima. Kwenye lile shimo alipanda maboga. Alhamisi hakukosa hata moja, akawa anawaamrisha wataalamu mpaka mwisho wa maisha yake.

Daudi hakuja kutembea kama mimi. Anatembea na fremu yake ya kujishikilia kutoka barazani mpaka getini, polepole, anapumzika mara mbili. Likizo nikienda nyumbani namkuta amekaa kwenye lile gogo langu. Wanafunzi wanapita, bodaboda wanapita, wapangaji wa juzijuzi ambao hata mama hawafahamu wanapita. "Daudi, mambo!" "Poa!" Nakaa jikoni na mama, anamenya viazi na kunitania, na kutoka getini tunawasikia wageni wakimtaja jina asubuhi nzima, na Daudi anawaitikia wote.